Usianze huo mfungo Jumatatu

Dada wa Tabora, usianze. Nimeusoma uzi wako asubuhi nikiwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikaufunga, nikaufungua tena, nikaona nisipoandika leo sitalala. Naandika polepole kwa mkono mmoja. Wa kushoto haushiki vizuri, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikujibu.

Kwa waliodandia uzi katikati: dada ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, mwenyekiti wa kwaya. Anasema huu mwezi wa pili anaamka amechoka kuliko alivyolala. Akipiga magoti maneno hayaji. Akifungua Biblia anasoma mstari mmoja mara nne na hajui amesoma nini. Anahisi Mungu amemwacha, au yeye ndiye aliyemwacha Mungu. Kamweleza kiongozi mmoja wa maombi, akaambiwa ni roho ya uzito imemkalia, na dawa yake ni mfungo mkavu wa siku 21, yaani bila chakula wala maji mpaka jioni, pamoja na mkesha kila usiku, saa sita mpaka saa tisa, kuanzia Jumatatu hii. Sasa anauliza asome Zaburi zipi kwenye mikesha hiyo, je ni dhambi kuachia uenyekiti wa kwaya kwa muda, kuna mahali gani patulivu pa kuombea karibu na mjini, na sisi wengine wenye kazi tunapangaje muda wetu na Mungu.

Maswali mazuri yote. Mimi nimekwama kwenye hiyo Jumatatu.

Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba Mkristo aliyejazwa Roho hachoki, ukamwekea Isaya 40 mstari wa 31, ule wa wamngojeao Bwana watapata nguvu mpya, nakuomba kwa upendo ufute. Rudi mstari mmoja nyuma. Wa 30 unasema hata vijana watazimia na kuchoka. Asiyezimia wala kuchoka, sura hiyo hiyo mstari wa 28, ni Mungu. Na Yohana 4 inasema Yesu mwenyewe alichoka na safari akaketi kisimani, wanafunzi wakaenda kununua chakula. Alikemea pepo gani pale? Hakukemea, aliketi. Maneno kama yako niliambiwa mimi, tena na mtu niliyemwamini kuliko ninavyokuamini wewe, na yamenigharimu.

Mimi nafanya biashara ya dagaa. Alfajiri boti zikiingia nipo mwaloni, nanunua, naanika, nageuza, nafunga magunia, mengine yanapanda treni kuja huko huko kwenu. Kwa asiyeijua kazi hii, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Taa inawavuta kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawaifuati taa, basi boti zinapandishwa mchangani siku kadhaa mpaka giza lirudi. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Wavuvi wanashona nyavu, wanaziba boti, wanakaa na watoto wao, wanalala mchana bila kuulizwa. Yaani sisi wa mwaloni Mungu ametutengea mapumziko kila mwezi, ameyatundika juu, hata asiyejua kusoma anayaona.

Mimi mbalamwezi ndiyo niliyokuwa naipakia. Umoja wa Akina Mama, mazoezi ya kwaya, kutembelea wagonjwa, maombi ya Jumatano, mkesha wa Ijumaa, na semina yoyote iliyotangazwa. Nilikuwa mhazini wa vikundi viwili. Wakati wa giza nafanya kazi ya dagaa, wakati wa mbalamwezi nafanya kazi ya Mungu, na katikati hapakuwa na siku hata moja niliyokaa mbele zake tu, kama mtoto anavyokaa miguuni kwa baba yake bila kutumwa. Niliita hiyo uaminifu. Watu walinisifu. Mchungaji wetu aliwahi kunitaja mimbarini, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikaongeza kikundi cha tatu.

Mwishoni mwa 2023 nikaanza kuchoka uchovu huo huo unaoueleza. Si ule wa kubeba gunia, unaolala na kuamka umekwisha. Huu unalala nao, unaamka nao. Nilikuwa nasimama kwenye safu ya kwanza naimba, na ndani nimekauka kama dagaa wa siku tatu juani. Sikumwambia mtu. Kwetu ukisema umechoka, unaulizwa umepoa tangu lini.

Kisha ziwa likafungwa. Mnaokumbuka, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na wenzetu tunaolitumia pamoja, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Sitaki kudanganya, watu tuliumia, mji mzima unategemea maji yale. Lakini mama yangu, anayekaa Kasulu, alinipigia simu wiki ile ile ya kwanza. Akaniambia: "Ziwa limelala, na wewe njoo ulale."

Nikamwambia nakuja. Sikwenda.

Mwezi wa sita alikuwepo mjini mtumishi mmoja, si wa kanisa letu, amekodi ukumbi. Simtaji jina na msinifuate PM kuniuliza. Nilikwenda kwake kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilidhani nimepoteza wokovu wangu. Nikamweleza kama ulivyotueleza wewe: siwezi kuomba, naamka nimechoka, Neno haliingii.

Hakuniuliza nalala saa ngapi. Hakuniuliza nakula nini, wala kama naumwa. Nina presha tangu 2021, nilikuwa namezea kidonge kila asubuhi, hakuuliza hilo. Alinishika kichwa, akanyamaza, akasema anaona madhabahu upande wa kwa mama, na kutoka hapo roho ya uchovu imetumwa ikalie huduma yangu. Akaniagiza mambo manne: nifunge kavu siku 21, nikeshe kila usiku pale ukumbini, nitoe sadaka ya kujimaliza, na nisikanyage Kasulu mpaka mizizi ikatwe.

Hapo kwenye Kasulu ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Nimeiungama, ikarudi, nikaiungama tena. Alinizuia kwenda mahali pekee duniani palipokuwa na godoro langu na mtu wa kunipikia.

Nilipomwambia siku 21 ni nyingi, akafungua 1 Wafalme 19, akanisomea mstari wa 8: Eliya alikwenda siku arobaini mchana na usiku hata Horebu, mlima wa Mungu. Akasema, Eliya aliweza arobaini, wewe 21 zinakushinda? Nikaona aibu, nikakubali. Biblia yangu ilikuwa mkobani. Sikuifungua nisome mstari unaotangulia.

Nilitoa laki nane. Ndiyo pesa niliyoiweka ya kuanzia biashara ziwa likifunguliwa. Nikaanza mfungo Jumatano.

Na vidonge? Nilimwuliza. Nataka usome hapa polepole, maana umetaja kwenye uzi wako kwamba "kuna dawa natumia" halafu ukapita haraka. Vidonge vyangu vya asubuhi vinamezwa na maji, na maji yanavunja mfungo mkavu. Nikamwuliza nifanyeje. Akanijibu kwa swali: "Unataka kuponywa na nani, daktari au Yesu?" Ukiulizwa hivyo mbele ya watu arobaini wamefumba macho, utajibu nini? Nilirudi nyumbani nikaiweka pakiti dirishani, na kila siku nikiiona najiambia hiyo ndiyo imani yangu.

Wiki ya kwanza nilijisikia mwepesi. Nitakuambia ukweli huo kwa sababu na wewe utausikia, na utadhani uzito unakimbia. Wiki ya pili kichwa kilianza kuuma kisogoni, macho yanaona vumbi vumbi. Wakaniambia ni adui anapigana kwa sababu amekaribia kutoka. Kila dalili ya mwili wangu ilikuwa na tafsiri, na kila tafsiri ilisema ongeza. Nikichoka, niongeze maombi. Nikisinzia, nisimame. Nikilia, ni kufunguliwa. Hapakuwa na jambo lolote ambalo mwili wangu ungeweza kusema likasikika kama mwili umechoka.

Usiku wa siku ya 17, Ijumaa, kama saa nane, nilikuwa nimesimama naomba. Nikataka kuinua mikono yote miwili. Ukainuka mmoja. Nikajaribu kusema, ulimi ukawa kama si wangu, mdomo umekwenda upande. Nikaanguka.

Dada, walinikemea kwa saa tano. Kuanzia saa nane usiku mpaka saa moja asubuhi nimelala sakafuni, wamenipaka mafuta, wanaamuru roho iachie mkono wangu. Hawakuwa watu wabaya. Wengine walikuwa wanalia kwa ajili yangu, mmoja alivua kanga yake akanikunjia mto. Lakini mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla, maneno kutoka kama ya mlevi, hicho ni kiharusi, na kiharusi hakisubiri kuche. Kila saa inayopita inakula kitu kichwani ambacho hakirudi. Ukikiona kwa mtu yeyote, kanisani, sokoni, popote, mpeleke hospitali saa ile ile, muombe mkiwa njiani.

Aliyenitoa pale ni jirani yangu Msabato. Mwanangu alimwamsha. Ilikuwa Jumamosi, Sabato yake, amevaa tayari kwa ajili ya ibada. Akaja na nguo yake nyeupe, akaita bajaji, akanibeba na kijana mmoja. Huyu mama tumebishana naye miaka juu ya Jumamosi na Jumapili. Siku ile hakusema neno, aliniambia tu baadaye kwamba Yesu aliponya siku ya Sabato na yeye hawezi kuwa mkali kuliko Bwana wake.

Hospitali presha ilikuwa 210 kwa 120. Nilitundikiwa dripu, nikaanzishiwa dawa upya. Siku ya tatu daktari kijana, nadhani ni umri wa mwanangu wa kwanza, akakaa kwenye kiti akaniuliza: "Mama, mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?" Nikatafuta. Nilijaribu kukumbuka kwa kurudi nyuma, Juni, Mei, Pasaka, Krismasi. Sikupata. Nililia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kanisani wala ukumbini, na swali lenyewe halihitaji upako.

Nikapelekwa Kasulu.

Mama yangu hajasoma, na hana mahubiri. Alinipokea, akaninawisha miguu, akanilaza chumba cha nyuma kwenye baridi ya kule. Nililala. Akaja akaniamsha: amka ule. Uji, siku nyingine ugali wa muhogo na maharage ya shamba lake. Nakula, ananipa vidonge vyangu, nalala tena. Jioni anaamsha: amka ule. Hakuniuliza kilichotokea. Hakunipeleka kwenye maombi. Wazee wa kanisa walikuja, aliwakalisha nje, akawaambia amelala. Siku kumi na moja hivyo. Siku kumi na moja sikuomba chochote zaidi ya kusema "Bwana" nikigeuka ubavu.

Ndipo siku moja nikamwomba mpwa wangu anisomee ile 1 Wafalme 19, maana macho yalikuwa bado. Nilitaka kusikia tena siku arobaini zilizonishinda. Akaanza mwanzo, mimi nikidhani ataufikia mstari wangu upesi.

Eliya ametoka mlima Karmeli, ameshinda, moto umeshuka. Yezebeli anamtishia, anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu anaomba afe. Nabii, sikiliza, anaomba afe. Halafu analala. Na Mungu hamwamshi kumwuliza imani yako imekwenda wapi. Malaika anamgusa, anasema inuka, ule. Mkate umeokwa juu ya makaa, maji kichwani pake. Anakula, anakunywa, analala tena. Mara ya pili malaika anamgusa: inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Ndipo, NDIPO, unakuja mstari wa 8 wa yule mtumishi, nao unasema alikwenda siku arobaini kwa nguvu za chakula hicho.

Alinisomea wa 8 akaruka wa 5, wa 6 na wa 7. Nilimwambia mpwa wangu arudie. Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

Na ona mpangilio wake. Sauti ndogo ya utulivu inakuja baada ya hapo, Horebu. Mungu alikuwa na mengi ya kumwambia Eliya, alikuwa na makosa ya kumrekebisha pia, maana alidhani amebaki peke yake na kumbe wako watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Lakini hakumwambia hata moja kati ya hayo alipokuwa hajala wala hajalala. Kama Mungu mwenyewe hakumhukumu Eliya kabla hajalala, yule aliyenishika kichwa kwa dakika mbili alipata wapi haraka hiyo?

Basi sheria yangu ni moja, nimeinunua kwa mkono na laki nane, na nitaisema mpaka mnichoke humu: usiihukumu roho yako kabla mwili haujalala. Usiamue kwamba umepoa, umerogwa, umeachwa na Mungu, umepoteza wokovu, usiweke nadhiri, usianze mfungo, usitoe sadaka kubwa, usiache ndoa wala huduma, ukiwa umechoka hivyo. Kwanza kula. Kwanza lala. Kwanza kapime. Halafu roho yako uitazame. Inaweza kuwa kweli kuna dhambi ya kutubu, au kweli Mungu anakuita kwenye mfungo, sipingi mfungo, kanisani kwetu Kwaresima tunafunga na mwaka huu nimefunga kwa kadiri daktari alivyoniruhusu. Lakini utaliona vizuri ukiwa umeamka. Aliyechoka haoni, hata njia ya nyumbani kwake anaikosa.

Mtasema huo ni ushauri wa kidunia. Haya, nionyesheni. Marko 6, mitume wamerudi kutoka huduma, kazi imekwenda vizuri, watu wanaingia na kutoka mpaka hawana nafasi ya kula. Yesu hakuwaambia wakeshe. Aliwaambia waende faragha wakapumzike kidogo. Marko 4, dhoruba, chombo kinajaa maji, yeye yuko shetri amelala juu ya mto. Sisi wa ziwani tunalijua shetri, ni nyuma kule, na tunajua ziwa likichafuka mtu halali. Alilala kwa sababu alikuwa amechoka kutwa nzima akifundisha, na kwa sababu alijua Baba yake haendeshi dunia kwa mikesha ya mtu mmoja. Usingizi wake ulikuwa imani. Kukesha kwangu kulikuwa hofu niliyoivika jina la imani, na hilo nimechukua mwaka mzima kulikubali.

Hata amri ya nne, ile ya Sabato. Nilikuwa naisoma kama sheria ya siku gani. Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu ambayo sikuwahi kuisikia ikihubiriwa: pumzika, wewe na mtumwa wako na ng'ombe wako, kwa maana ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Mtumwa ndiye asiye na siku. Mtu akikufundisha Mungu asiyekupa siku, jiulize anakurudisha nchi gani.

Na wewe uko Tabora, hili utanielewa kuliko watu wa huku. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Mathayo 11. Mstari unaofuata anasema jitieni nira yangu. Huku kwetu nira ni neno la Biblia tu, lakini ninyi Nzega na Igunga mnalima kwa ng'ombe, mnaona nira inavyokaa shingo mbili. Mfanyabiashara mmoja wa huko anayenunua dagaa kwangu ndiye aliyenieleza kwamba maksai anayefundishwa anafungwa na yule mzoefu, na mzoefu ndiye anayevuta. Mgeni anajifunza mwendo tu. Nilikaa na hilo wiki nzima. Miaka yote mimi nilivuta peke yangu na kumwomba Yesu aibariki plau. Hakuna mahali aliposema nitawapumzisha mkimaliza siku 21.

Yule jirani yangu Msabato, nimemwomba anifundishe. Sikuhama kanisa, msianze. Nilimwomba anifundishe namna ya kuacha. Ijumaa jua linapozama amekwisha kupika, amekwisha kuosha, genge limefungwa, hata mteja akigonga dirisha anajibiwa kwa upole kesho jioni. Mimi nafanya hivyo hivyo kuanzia Jumamosi jua linapozama mpaka Jumapili jioni. Naenda kanisani, nakaa benchi la nyuma, siongozi kitu. Mwezi wa kwanza nilijisikia mwizi. Mwezi wa pili nikaanza kusikia mahubiri. Na mbalamwezi siku hizi nazipa siku mbili zangu kamili: nakaa kizingitini, ziwa liko mbele yangu, nasema "Bwana, mimi hapa", nanyamaza. Nikisinzia nasinzia. Zaburi ya 127 inasema Yeye humpa mpenzi wake usingizi, basi simrudishii zawadi yake.

Maombi hayakurudi kwa siku moja. Agosti ziwa lilipofunguliwa sikuwa na mtaji wala mkono wa kugeuzia dagaa, nikakaa nyumbani naona magunia ya wenzangu yanapita. Nilimkasirikia Mungu, na nilimwambia. Ilikuwa Desemba, nimeanza tena kwa ndoo mbili za kukopeshwa, naanika na mwanangu, yeye ndiye aliyeniambia, mama unaimba. Sikuwa nimejua. Nilikuwa sijaimba peke yangu, bila sare na bila mwalimu wa kwaya, tangu sijui lini.

Kuhusu kwaya yako: omba likizo ya miezi mitatu, si dhambi. Yethro, baba mkwe wa Musa, alimwambia Musa wazi kwamba atajidhoofisha yeye na watu alionao, na Musa hakuambiwa amerudi nyuma, alichagua wasaidizi. Kama kwaya itakufa kwa miezi mitatu bila wewe, basi ilikuwa imekufa, wewe ndiye ulikuwa unaitembeza.

Na jambo moja umeliandika kwa kifupi sana, kwamba wakati mwingine unatamani usiamke. Eliya alilisema, hukufuru. Lakini usibaki nalo peke yako usiku. Mwambie mume wako leo, au mtu unayemwamini, na ukifika hospitali mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Sonona inatibika kama malaria inavyotibika. Waambie pia wakupime damu, sukari na presha, maana uchovu wa miezi miwili una milango mingi na mingi kati yake haiko rohoni.

Huyo kiongozi wako wa maombi simjui, huenda ni mtu mwema kuliko wangu. Mwulize swali moja tu: mara ya mwisho nililala usiku mzima lini? Kama hajui, hajakuchunguza.

Jumatatu badala ya kuanza, omba ruhusa shuleni uende ukapime. Beba na hizo dawa ulizosema unatumia, usiziache nyumbani, na usiache kuzimeza kwa sababu ya mtu yeyote. Kisha njoo uandike hapa umeambiwa nini. Ukijibu kesho jioni sitaona, simu nampa mwanangu jua likizama. Jumapili usiku nitafungua, wewe ndiye wa kwanza nitakayemtafuta.